Kutembea Istanbul Ukiwa Sebuleni Nairobi: Mwongozo wa Jumamosi Moja

Safari nyingi za kutembelea mji wa mbali ukiwa nyumbani hukatika mapema kwa sababu ile ile. Mtu huandika jina la mji kwenye simu, hutazama picha ishirini za minara na machweo, kisha huchoka. Picha hizo zimepigwa sehemu ishirini tofauti, na hakuna hata moja inayomweleza kipi kinapakana na kipi, mlima unaanzia wapi, au wavuvi husimama upande gani wa daraja. Mji hujulikana kwa kupita njia zake. Kwa hiyo hapa tutapita njia moja tu, kutoka uwanja wa Sultanahmet hadi gati ya feri ya Kadıköy, polepole, kwa siku nzima.

Istanbul inamfaa mkazi wa Nairobi kuliko miji mingi. Iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, umbali wa takriban kilomita 4,750 angani, na tangu 2016 Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi. Saa yao ni ile ile ya Afrika Mashariki mwaka mzima. Ukifungua kamera ya moja kwa moja saa nne asubuhi, na kule ni saa nne asubuhi. Mwenye ndoto ya Tokyo au New York hana bahati hiyo, kwani nusu ya mchana wake ni usiku wa wenzake.

Vifaa na bando

Tafuta kompyuta, au simu yenye kioo kipana, na visikizio vinavyobana sikio vizuri ili kelele za matatu zisiingie. Kama una TV, kebo ya HDMI inatosha kuiunganisha na kompyuta. Ongeza daftari lisilo na mistari na penseli. Daftari hili ni la lazima, na sababu yake itaonekana mwishoni.

Sasa data. Video ya ubora wa 480p hula takriban nusu GB kwa saa au zaidi kidogo. Ya 1080p hula kati ya GB 1.5 na 3. Matembezi haya yana saa mbili hadi tatu za video, kwa hiyo GB 2 zitakutosha ukikaa kwenye 480p. Wengi huishiwa na bando kwa sababu programu ya video hujichagulia ubora wa juu kila inapoona mtandao una kasi. Weka ubora kwa mkono wako, kwa kila video, kabla haijaanza kwenda. Kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo sana. Kwenye TV kubwa 480p huonekana na ukungu, hivyo kama una Wi-Fi kazini au kwa jamaa, pakua video mbili tatu za ubora wa juu siku iliyotangulia. Redio ni rahisi zaidi: mtiririko wa 128 kbps hula kama MB 58 kwa saa. Stesheni ya Istanbul inaweza kusikika jikoni tangu asubuhi bila kukutia hasara.

Pakua pia ramani ya nje ya mtandao kwenye Google Maps. Tafuta Istanbul, chagua kupakua, kisha vuta fremu hadi ifunike wilaya za Fatih, Beyoğlu na Kadıköy. Ramani hii itakuonyesha mitaa na majina hata bando likikatika. Lakini Street View, yaani picha za mitaani za Google Maps, na picha nyingine hazifanyi kazi nje ya mtandao, na ndipo watu wanapodhani simu imeharibika.

Kama nyumbani hapatulii, fanya usomaji wa historia mapema wiki hiyo katika maktaba za kaunti. Za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na ni mahali pazuri pa kukaa. Siku ya matembezi yenyewe ibaki ya nyumbani, kwa sababu ya jiko.

Saa ni moja, jua si moja

Hapa Nairobi jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari au Julai. Istanbul iko nyuzi 41 kaskazini ya ikweta. Katikati ya Juni jua huchomoza huko kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama kama saa mbili na dakika arobaini usiku. Katikati ya Desemba huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukifungua kamera saa moja na nusu asubuhi mwezi wa Desemba ukakuta giza na taa za barabarani, kamera ni nzima. Wewe ndiye umewahi.

Manispaa ya Istanbul ina kamera za moja kwa moja katika sehemu nyingi za mji. Zitafute kwa maneno "İstanbul'u Seyret". Chagua moja tu, iache wazi pembeni mwa kioo siku nzima, na uitazame dakika mbili kila baada ya saa. Video za watu zitakuonyesha mahali palivyo, lakini kamera hii itakuonyesha kama leo kuna mvua.

Pima kwanza njia unayoijua

Mtu akisikia "kilomita moja" huwa hasikii chochote. Kwa hiyo anza Nairobi. Fungua Google Maps kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya pale Kencom, chagua kupima umbali, kisha fuata barabara hadi mzunguko wa Globe. Andika nambari hiyo, na pembeni yake andika dakika unazotumia ukiipita kwa miguu na kama hufika umetota jasho.

Sasa pima kutoka Ayasofya, jengo la kale tutakaloanzia, hadi lango la Nuruosmaniye la soko kuu la Istanbul. Utapata karibu kilomita 1. Ukiilinganisha na ya Kencom, miguu yako itaelewa. Kisha fungua Google Earth na uinamishe picha hadi uone upeo wa macho, kwa sababu ramani ya kawaida huficha milima, na Istanbul ni mji wa milima na bahari. Njia yetu huanza juu, hubaki juu hadi sokoni, kisha huteremka hadi majini.

Herufi tano, na maneno uliyo nayo tayari

Bila herufi hizi utayasoma vibaya majina yote: c husomwa kama j yetu, ç ni ch, ş ni sh, ğ haitamkwi bali huvuta irabu iliyotangulia, na ı isiyo na nukta ni sauti fupi iliyo nyuma ya i. Kwa hiyo çarşı, yaani soko, ni "charshi". Msikiti mkubwa huitwa cami, unaotamkwa "jami". Aliyewahi kupita karibu na Msikiti wa Jamia katikati ya jiji amelisikia neno hilo kwa mzizi wake wa Kiarabu.

Na hapa msemaji wa Kiswahili ana utajiri asioujua. Kiarabu kilipita kwetu na kwao pia, kikaacha maneno yanayofanana mno: dakika ni dakika, saat ni saa, dünya ni dunia, haber ni habari, kitap ni kitabu, kalem ni kalamu, defter ni daftari, sabun ni sabuni, asker ni askari, hazine ni hazina, sandık ni sanduku, vakit ni wakati, dükkân ni duka. Ukitaka kulipa mkahawani unasema "hesap, lütfen", yaani hesabu, tafadhali. Baba ni baba. Lakini usidhani mama naye atafuata: kwa Kituruki mama ni chakula cha mtoto mchanga, na mzazi wa kike ni anne.

Yaandike maneno unayoyatambua. Kila unapolikuta moja mtaani, liwekee alama. Jambo jingine lenye faida kubwa ni kutafuta video kwa Kituruki badala ya Kiingereza. Andika jina la mtaa na neno yürüyüş, yaani matembezi. Utapata video za wenyeji wanaopita njia zao za kila siku, ambazo mara nyingi hazina muziki wa kubandikwa. Muziki huo ndio unaoua safari, kwa kuwa hufunika kengele ya tramu, shakwe, na mwenye duka anayeita wateja.

Saa tatu: Sultanahmet

Kwenye kompyuta, buruta kile kisanamu cha njano cha Street View kutoka pembeni mwa ramani hadi uwanjani. Kwenye simu, fungua tabaka za ramani na uwashe Street View. Mistari ya bluu ni njia ilikopita kamera, na vitone ni picha za watu binafsi. Kabla ya kutazama chochote, soma tarehe ya picha. Mshale mmoja unaweza kukuhamisha kutoka majira ya joto ya mwaka mmoja hadi baridi ya mwaka mwingine, na usipojua utashangaa miti ilikopeleka majani.

Simama kati ya majengo mawili makubwa yanayotazamana. Moja ni Ayasofya, lililojengwa mwaka 532 hadi 537 chini ya mfalme Justinian. Kuba lake lina upana wa takriban mita 31, na kilele chake kiko kama mita 55 kutoka sakafuni. Ukihesabu mita 3 kwa ghorofa, jengo la ghorofa 18 lingesimama ndani yake. Lilikuwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, makumbusho kuanzia miaka ya 1930, kisha msikiti tena mwaka 2020. Historia hiyo itakusaidia kujua umri wa video. Ukiona sakafu ya marumaru iko wazi, video ni ya enzi ya makumbusho. Ukiona zulia la kijani-buluu limetandazwa kote, ni ya 2020 au baadaye.

La pili ni Msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa mwaka 1609 hadi 1616, wenye minara sita. Zunguka hadi uihesabu yote. Kisha tafuta rekodi ya adhana ya uwanja huu na uisikilize kwa visikizio. Waadhini wa misikiti jirani hupokezana: mmoja huita, hunyamaza, mwingine hujibu kutoka upande wa pili. Spika ya simu huzichanganya sauti hizo zikawa moja, ndiyo maana visikizio ni muhimu hapa.

Pembeni ya msikiti kuna uwanja mrefu wa zamani wa mbio za magari ya farasi, na katikati yake nguzo ya jiwe yenye maandishi ya Misri ya kale. Ni ya farao Thutmose III, na ilisimamishwa hapo mwaka 390 kwa amri ya mfalme wa Roma Theodosius I. Vuta picha hadi kwenye kitako chake. Nguzo haijakalia moja kwa moja jiwe la chini. Imesimama juu ya vipande vinne vya shaba nyeusi, kimoja kila pembe, na kati yake mwanga unapita. Uzito wote ule umebebwa na pembe nne kwa zaidi ya miaka 1,600. Kaa hapo kidogo.

Chini ya ardhi, ng'ambo ya barabara, kuna hifadhi ya maji ya Yerebatan yenye nguzo 336. Hapa tumia video, na utafute vichwa viwili vya Medusa, mwanamke wa hekaya za Kigiriki, vilivyowekwa chini ya nguzo, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa.

Saa tano: barabara ya Divan Yolu na soko

Rudi juu kwenye reli ya tramu ya T1 uifuate kuelekea magharibi. Barabara hii ni rahisi kuipita kwa Street View, lakini usiruke. Bonyeza mshale mara moja, geuka kulia na kushoto, soma bango, endelea. Ukibonyeza haraka haraka picha hazipakuliki vizuri, nawe utajikuta umetupwa mtaa wa jirani bila kujua. Ikitokea hivyo, angalia jina la mtaa juu ya kioo, rudi kwenye ramani, na ukitue kisanamu upya. Utapita Çemberlitaş, nguzo ya Konstantino ya mwaka 330, iliyofungwa pingili za chuma ili isipasuke.

Kisha Kapalıçarşı, soko lililofunikwa, lenye mitaa zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000. Hapa ndipo safari nyingi hupotea. Ingia kwa lango la Nuruosmaniye, fuata mtaa mpana wa Kalpakçılar wenye maduka ya dhahabu, na utokee lango la Beyazıt. Usikate kona hata moja mara ya kwanza. Video ya mtu anayezunguka soko ovyo haitakufaa, kwa kuwa dari zote zinafanana. Tafuta ile inayoanza kwa kuonyesha jina la lango. Soko hufungwa Jumapili, na ndiyo sababu matembezi haya tumeyapanga Jumamosi: kamera na mitaa ya jirani itaonyesha mji ulio kazini.

Saa saba: kuteremka hadi majini

Kutoka sokoni njia hushuka kaskazini hadi Eminönü, na hapo kuna Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri, la viungo. Kabla ya kufungua video yake, weka sufuria ndogo ya maji jikoni, tia karafuu tano, kijiti cha mdalasini na kijiko cha bizari nyembamba, na uiache ichemke kwa moto mdogo. Karafuu kwao ni karanfil, na bizari nyembamba ni kimyon. Pua hukumbuka mahali kuliko jicho, na harufu hii kwa mtu wa Afrika Mashariki ni ya nyumbani na ya ugenini kwa wakati mmoja.

Mbele yake kuna Daraja la Galata. Juu, wavuvi wenye fimbo ndefu wamepangana. Chini yake, mikahawa. Panda feri ya Kadıköy. Video nyingi za safari hii hazikatwi, na safari huchukua kama dakika 20, kwa hiyo itazame yote kwa urefu wake. Upande wako wa kulia utaona bustani na kasri la Topkapı, kisha bahari itafunguka. Ukikaribia Kadıköy, jengo kubwa la mawe upande wa kushoto, lililokaa kando ya maji, ni stesheni ya reli ya Haydarpaşa. Umevuka kutoka Ulaya hadi Asia, jambo ambalo maelfu ya abiria hapo hulifanya kila asubuhi wakienda kazini, kama wa Likoni wavukavyo na baiskeli zao.

Supu ya kamande na chai

Kamande nyekundu zilizomenywa utazipata Diamond Plaza pale Parklands au kwenye maduka ya viungo Ngara. Kwa watu wanne: kamande gramu 200, kitunguu 1, karoti 1, kiazi 1 kidogo, nyanya ya mkebe kijiko 1 kikubwa, siagi gramu 30, maji lita 1.5, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, chumvi, paprika kijiko 1 cha chai, nanaa kavu kidogo, na limau.

Osha kamande hadi maji yatoke safi. Kaanga kitunguu kwa nusu ya siagi bila kukigeuza rangi, ongeza nyanya ya mkebe ukoroge dakika moja, kisha tia karoti na kiazi vilivyokatwa vidogo, kamande, bizari na maji. Ondoa povu linalopanda. Vitabu vya mapishi vya Uturuki husema dakika 25. Nairobi ipe 35, kwa sababu tuko juu sana na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Koroga chini mara kwa mara, kamande huzama na kushika. Saga iwe laini, tia chumvi. Yeyusha siagi iliyobaki, iepue, ndipo utie paprika na nanaa. Ukiitia paprika ikiwa bado motoni huungua kwa sekunde chache na supu nzima huwa chungu. Mimina juu ya kila bakuli, kamulia limau.

Chai ya Kituruki hupikwa kwa birika mbili zilizobebana. Kama huna, kalisha birika dogo juu ya sufuria ambayo linaikalia vizuri. Chini maji yanachemka. Juu tia vijiko vitano vya chai vya majani na nusu lita ya maji yaliyochemka, na uache mvuke wa chini uyapashe bila kuyachemsha. Kwa majani yao, yaliyosokotwa, ni dakika 15. Majani yetu ya kawaida ni chembechembe zilizokatwa na kusagwa, hutoa rangi upesi sana, na dakika 15 zitakupa uchungu mtupu: tia vijiko vitatu na uishie dakika sita. Ukipata majani mazima ya Kericho au Nandi, fuata muda wa Kituruki. Jaza theluthi ya bilauri ndogo kwa chai nzito, ongezea maji ya moto ya birika la chini. Inywe bila maziwa. Iinue kwenye mwanga wa dirisha: rangi wanayoitaka huiita tavşan kanı, damu ya sungura, nyekundu inayopitisha mwanga. Ikiwa nyeusi, ongeza maji.

Ramani ya kichwani

Jioni, zima kila kitu isipokuwa redio. Fungua daftari na uchore njia yote kwa kumbukumbu: uwanja, nguzo ya Misri, reli ya tramu, malango mawili ya soko, mteremko, Soko la Misri, daraja, feri, stesheni. Weka mshale wa kaskazini. Andika umbali pale unapoukumbuka. Usichungulie.

Kisha chora njia ile ile kutoka kwenye ramani halisi, kwa ukubwa ule ule, kwenye karatasi nyingine, na uzishike zote mbili kwenye kioo cha dirisha au mbele ya taa. Watu wengi hukosea sehemu mbili: hulichora soko karibu mno na Ayasofya, na huliweka daraja magharibi kuliko lilipo. Pale mistari inapoachana, tia alama nyekundu. Hapo ndipo utakapokitua kisanamu cha njano Jumamosi ijayo.